Alhamisi Mjini Valencia: Binti wa Kimana Mbele ya Baraza la Maji

Kila Alhamisi, saa sita kamili za mchana, kengele za kanisa kuu la mji wa Valencia nchini Hispania zinapolia, wakulima wanane waliovaa majoho meusi huketi katika viti vya mbao vilivyopangwa nusu duara, nje ya mlango mmoja wa kanisa hilo uitwao Mlango wa Mitume. Kazi yao ni kusikiliza kesi za maji ya mashamba. Hakuna wakili, hakuna mafaili yaliyofungwa kamba. Kila neno husemwa kwa mdomo, mbele ya watu, na kwa lugha ya wenyeji. Anayehukumu ni mkulima na anayehukumiwa ni mkulima. Hukumu hutolewa papo hapo, wala haina rufaa. Baraza hilo huitwa Tribunal de las Aguas, yaani Baraza la Maji, na mwaka 2009 UNESCO ililitia katika orodha ya turathi za wanadamu.

Watalii huja kulipiga picha. Mimi nilikuja kwa sababu nyingine, na sababu hiyo iko Kimana.

Msomaji wa Mombasa au wa Malindi huenda hajafika Kimana, lakini pengine amekwisha kula nyanya na vitunguu vyake. Ni mji mdogo wa Kajiado Kusini, kwenye barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, karibu na mbuga ya Amboseli. Mvua yake ni haba. Kinachoihuisha nchi ile ni chemchemi: maji ya mlima Kilimanjaro hupita chini ya ardhi kwa ardhi, yakaibuka bondeni safi kabisa. Maji hayo yanagombewa na wengi. Wafugaji wa Kimaasai wanayataka kwa ng'ombe wao, ndovu wa Amboseli wanayajua tangu kabla yetu, wakulima waliotoka kila pembe ya Kenya wanayaelekeza mashambani kwa mifereji, na kutoka chemchemi jirani ya Nolturesh bomba kubwa huyachukua mbali hadi upande wa Machakos na Athi River. Wazazi wangu walihama kutoka Mombasa wakaingia katika mkumbo huo. Baba alikwenda kununua vitunguu, akaishia kuvilima.

Shamba la mfereji huishi kwa zamu. Saa zako zikifika unafungua, zikipita unafunga, na jirani wa chini anapokea. Mwaka mmoja wa kiangazi kirefu maji ya mfereji wetu yalipungua, hata zamu ya saa sita ikawa ya saa mbili. Usiku mmoja mtu aliyafungua kabla ya wakati. Baba alisema ni jirani. Jirani akaapa si yeye. Mapanga yaliinuliwa, Mwenyezi Mungu akasitiri. Shauri likaenda kwa mzee wa mfereji, kisha kwa chifu, kisha mahakamani. Tarehe iliahirishwa mara tatu, na ilipofika ya nne hapakuwa tena na nyanya ya kugombania. Nyanya hazingoji tarehe.

Hasara ya nyanya tuliimudu. Iliyotushinda ni ile nyingine. Mama na mke wa jirani walikuwa wakiazimana chumvi na kuangaliana watoto, na Ramadhani sahani zilivuka ua kwenda na kurudi. Tangu siku ile wamebaki na salamu ya mdomoni tu. Yule mama alipofiwa na mzazi wake, mama yangu alikwenda matangani akaketi nje kabisa, pamoja na wageni waliotoka mbali.

Basi nilipopata muhula mmoja wa masomo ya unyunyizaji maji huko Hispania, nikasoma katika kitabu cha darasani kurasa mbili kuhusu baraza la Valencia, nilijua siku yangu ya mapumziko itakuwa Alhamisi ipi na wapi. Chuo kiko mji mwingine. Mama alinipa ruhusa kwa simu, kwa masharti matatu ambayo kila binti wa nyumba za kwetu anayajua bila kutajiwa: usiende peke yako, usikose sala, urudi mapema. Mwenzangu alikuwa mwanafunzi wa Kimoroko, mzaliwa wa Tetouan. Tulisali alfajiri, tukapanda basi.

Mji ulitupokea kwa harufu. Ilikuwa Aprili, na michungwa ya barabarani ilikuwa imechanua. Usidhani ni machungwa ya kula. Ni madanzi, yale yale machungu ambayo bibi yangu wa Mombasa huyatengenezea achari, yamepandwa mjini kwa ajili ya kivuli na manukato. Maua yake Wahispania huyaita azahar, na asiyejua Kiarabu ajue kwamba hilo ni neno la ua. Tangu hapo tulifanya mchezo wa siku nzima, mimi na mwenzangu, wa kuokota maneno ukutani na madukani. Sukari ni azúcar. Zaituni ni aceituna. Zafarani ni azafrán, yasmini ni jazmín, limau ni limón. Meya wa mji ni alcalde, naye si mwingine ila kadhi, al-qadi, aliyebadilishiwa kazi. Forodha yao ni aduana, iliyotoka katika diwani. Na mtu akitaka kusema "hadi" husema hasta, ambayo ni hata yetu iliyopita njia nyingine. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mgeni wa kila kitu, nikajikuta ninamsahihisha mwenzangu herufi.

Sitawachosha kwa kila jengo. Minara ya Serranos, lango kuu la zamani lililojengwa kati ya 1392 na 1398, ni mizito na mirefu, na mwenye miguu atapanda. Soko Kuu, lenye kuba na vioo vya rangi, lingependwa na mama yeyote: samaki upande mmoja, matunda upande mwingine, nyanya za aina nisizoweza kuzihesabu, na bei zilizonifanya nimkumbuke baba na madalali wake.

Lakini mkabala wa soko hilo kuna nyumba ambayo hatukutaka kutoka. Ni Llotja, jumba la wafanyabiashara wa hariri, lililoanza kujengwa mwaka wa 1482 au 1483. Ndani yake nguzo zimesokotwa kama kamba za jahazi, zikapanda hadi darini zikafunguka kama makuti ya mnazi. Juu ya kuta, kuuzunguka ukumbi mzima, yameandikwa maneno ya Kilatini kwa herufi za dhahabu. Tuliomba tusomewe maana yake. Nyumba inajisemea yenyewe: inawaambia raia waonje wajionee jinsi biashara ilivyo njema isipokuwa na hila katika usemi, mtu akimwahidi mwenzake asimvunjie, wala asitoe fedha yake kwa riba, mfanyabiashara wa namna hiyo atapata mali na uzima wa milele. Mwenzangu alinitazama, nikamtazama. Walioandika hayo walikuwa Wakristo wa Ulaya ya karne ya 15. Leo ni benki gani, huko kwao au huku kwetu, ingethubutu kuandika neno hilo la riba ukutani mwake?

Saa sita kasoro robo tulikuwa uwanjani, mbele ya Mlango wa Mitume. Watu walikuwa wengi, simu zimeinuliwa. Wazee wakatoka kwa mstari, wakaketi ndani ya uzio mdogo wa chuma. Majoho yao si ya kifalme. Ni vazi jeusi la kazi la wakulima wa zamani. Kila mmoja ni mwakilishi wa mfereji wake: Quart, Benàger na Faitanar, Tormos, Mislata, Mestalla, Favara, Rascanya, Rovella. Mifereji hiyo huchukua maji ya mto Turia na kuyagawa katika bonde linalouzunguka mji. Mwakilishi huchaguliwa na wakulima wenzake, na sharti mwenyewe awe mtu wa shamba katika mfereji huo.

Mnadi wa baraza, mwenye fimbo ndefu yenye ndoana ya shaba, akasimama. Cheo chake ni alguacil, nacho kimetoka katika al-wazir. Ni waziri huyu, ingawa uwaziri wake umebaki fimbo na sauti. Akanadi kwa sauti kuu washitakiwa wa mfereji wa Quart. Kimya. Akanadi wa mfereji wa pili. Kimya. Akaenda hivyo hadi wa mwisho. Hakutokea mtu. Wazee wakainuka, wakaingia ndani. Kwa saa yangu, jambo zima halikufika dakika kumi.

Watalii waliguna. Kijana mmoja karibu yetu alisema amepoteza Alhamisi yake. Mimi nilisimama pale nikiwa na fundo kooni. Mifereji minane, mashamba yasiyohesabika, na juma zima limepita bila mtu hata mmoja kuburutwa mbele ya watu kwa ajili ya maji! Wenyeji hawashangai, kwani Alhamisi nyingi huwa hivyo. Ugomvi mwingi hupatanishwa huko huko mashambani na mlinzi wa mfereji pamoja na mwakilishi, kwa sababu hakuna anayetaka jina lake lipigiwe mbiu mlangoni pale.

Kesi ikiwapo, mambo huenda hivi. Mlinzi au mwenye kudhulumiwa hueleza shitaka. Makosa ni yale yale tunayoyajua Kimana: kuchukua maji nje ya zamu wakati wa uhaba, kuyaachia yakafurika shamba la jirani, kubomoa ukingo, kukataa kusafisha kipande chako cha mfereji. Mshitakiwa hujitetea mwenyewe. Mwenyekiti humpa mtu nafasi ya kusema kwa kumwelekezea mguu, si kidole. Wazee huuliza, huenda hata kukagua shamba, kisha huinamiana na kunong'onezana. Na hapa ndipo penye siri niliyoijia. Kama ugomvi umetokea katika mfereji wa ukingo wa kulia wa mto, hukumu hupendekezwa na wazee wa ukingo wa kushoto. Ukiwa wa kushoto, hupendekezwa na wa kulia. Mzee wa mfereji wako hakuhukumu. Hana nafasi ya kumpendelea shemeji wala kumlipizia adui.

Nilikumbuka mzee wa mfereji wetu, mtu mwema, ambaye mke wake ni dada wa jirani yule. Angefanya nini maskini? Aliyehukumiwa asingemwamini, na aliyepewa haki angesemwa.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Katika bonde la Valencia maji hayauzwi mbali na shamba. Yanafuata ardhi, kila shamba lina fungu lake kwa kadiri ya ukubwa, na mto ukipungua mafungu yote hupungua pamoja. Mwenye hela hawezi kununua zamu ya maskini. Huko kwetu, tusifichane, zamu imeshageuka bidhaa.

Mambo haya yalitoka wapi? Desturi ya mji husema baraza lilianza zama za ukhalifa wa Córdoba, na mwaka 1960 walisherehekea miaka elfu moja yake. Mwaka wenyewe wanahistoria huujadili. Lisilobishaniwa ni kwamba mfereji kwa lugha yao ni acequia, kutoka as-saqiya, na kwamba mji huu, ulioitwa Balansiya, ulikuwa wa Waislamu kwa karne tano. Mfalme Jaume wa Kwanza alipouteka mwaka 1238 hakuigusa mifereji. Alitoa hati kwamba maji yaendelee kugawanywa kama ilivyokuwa desturi tangu zama za Waislamu. Hata kuketi nje ya mlango, husimuliwa, kulitokana na kwamba wakulima Waislamu hawangeweza kuingia kanisani, nalo kanisa limejengwa pale ulipokuwa msikiti mkuu. Na Alhamisi, husema, ilichaguliwa kwa kuwa ni mkesha wa Ijumaa.

Nilipokuwa nikifurahia hayo, mwenzangu alinyamaza. Yeye anatoka Tetouan, mji uliojaa wajukuu wa watu waliokimbia huku. Mwaka 1609 amri ilitolewa kuwafukuza Wamorisko, yaani kizazi cha Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, na ilianzia kutekelezwa hapa hapa Valencia. Watu zaidi ya laki moja wa jimbo hili walipakiwa melini na kuvushwa hadi Afrika ya Kaskazini. Waliokuwa wakichimba mifereji na kuisafisha wakaondoka. Mifereji ikabaki na sheria zake. "Maji waliyataka," alisema. Sikuwa na la kuongeza. Ndiyo maana sipendi masimulizi ya Andalusia yanayotufanya tujivune tu, kana kwamba sifa ya babu ni chakula. Mji ule unafurahisha na unaumiza katika saa moja.

Hatua chache kutoka mlangoni pale kuna Almoina, makumbusho yaliyo chini ya ardhi, ambamo mabaki ya Warumi yamelaliana na ya Waislamu. Humo mna mabaki ya kasri na bwawa lake la maji. Bwawa hilo Wahispania huliita alberca. Sema polepole: al-birka. Ni birika, lile lile tunalotilia udhu katika misikiti ya zamani ya Pwani.

Katika mji huu alizaliwa, mwaka 1145, Ibn Jubayr, ambaye habari zake zinastahili kusimuliwa watoto. Alikuwa karani wa liwali wa Granada. Inasimuliwa kwamba liwali alimlazimisha kunywa mvinyo, na kwa majuto akaazimia kwenda Hija. Alitoka mwaka 1183, akapita Iskandaria, Makka, Madina, Baghdad na Damascus, akarejea 1185 na kitabu cha safari ambacho kilikuwa kigezo kwa waliomfuata. Ibn Juzayy, mwandishi aliyeandika kwa imla safari za Ibn Battuta, aliazima kurasa nzima kutoka kwake. Ibn Battuta ndiye aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kwa hiyo kitabu ambacho sisi wa Pwani hukitaja kwa fahari kina mkono wa mtu wa Valencia ndani yake.

Adhuhuri ya huko huingia kuchelewa, kiasi cha saa nane, kwa sababu saa za Hispania zimetangulia jua. Kwa hiyo baraza halikutunyima sala. Tuliswali katika msikiti mdogo, ghorofa ya chini ya jengo la makazi, upande wa wanawake ukiwa na zulia safi na bibi wa Kialjeria aliyetushurutisha kula tende. Kisha tukala wali. Valencia ni nchi ya mpunga, ulioletwa na Waislamu. Ule wali wao mashuhuri, paella, hupikwa kwa kuku na sungura, tusio na hakika ya kuchinjwa kwao, basi tukaagiza wa samaki.

Mchana tulishuka katika mto usio na maji. Mnamo tarehe 14 Oktoba 1957 Turia ulifurika, ukaua watu wasiopungua 81, na serikali ikauhamisha mto mzima ukapitishwa kusini mwa mji. Mkondo wa zamani umekuwa bustani ndefu, watoto wanacheza chini ya madaraja ya kale. Ni pazuri. Lakini tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko yalirudi, na safari hii yaliingia miji midogo ya kusini, kama Paiporta na Catarroja. Katika jimbo hilo walikufa zaidi ya watu 220. Katikati ya mji walisalimika kwa sababu ya mkondo mpya. Mama mmoja bustanini, alipojua tunasomea maji, alitushika mkono akasema tusome vizuri.

Kituo cha mwisho kilikuwa Alboraya, mji mdogo pembezoni ambako mashamba huanzia. Kila mkulima wa kwetu amelaani ndago, lile gugu lisilong'oka. Watu wa Alboraya hulima ndugu yake! Hupanda aina yenye vijikokwa vitamu, huvisaga, huvikamua kama tunavyokamua nazi, wakapata kinywaji cheupe cha baridi, horchata. Nilikunywa bilauri mbili. Sijui nitamwelezaje baba.

Nyuma ya duka hilo ulipita mfereji wa Rascanya, mmojawapo wa ile minane. Maji yalikuwa kimo cha goti, ukingo umefyekwa, kilango cha mbao kimefungwa kwa kufuli. Nilipiga picha nikampelekea mama. Alinipigia pale pale. Hakuuliza habari za minara wala hariri. Aliniuliza nirudie ile ya ukingo wa kulia na wa kushoto, nikairudia. Akaniuliza kama mwanamke mwenye shamba naye husikizwa. Nikamwambia kila mwenye ardhi katika mfereji ana haki ya kushitaki, mwanamume kwa mwanamke. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kamati ya mfereji wetu itakaa Ijumaa, baada ya sala, na kwamba ng'ambo ya pili ya bonde kuna wazee ambao hawana undugu nasi wala na jirani. Niandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, maana baba na yule bwana wote wawili macho yao yamechoka, na karatasi ataipeleka yeye mwenyewe nyumba ya pili kabla ya kuipeleka kwa kamati.

Niliandika ndani ya basi, ukurasa mmoja, nikaupiga picha nikautuma kabla ya magharibi.